Inchi Nne Zaidi

Nilipowaacha wiki iliyopita, ngazi yetu ndefu kuliko zote ilikuwa imelala chini ya pikapu, na aliyeikanyaga ni mimi. Dada akanieleza maneno ambayo mhariri wa gazeti hili aliyaondoa. Uliyeyakosa usisikitike. Yalikuwa ya haki.

Kwa mgeni: mimi na dada yangu tuna karakana ya vioo tuliyoachiwa na marehemu baba. Yeye ndiye mkubwa. Yeye anakata, mimi napima, napakia, naendesha na kupachika. Pikapu nayo ni ya baba, ndogo, iliyowahi kuwa nyeupe, na nyuma ina fremu ya mbao ambamo vioo husimama wima kama vitabu kwenye rafu.

Siku chache baada ya ngazi kufa, tukapata kazi kubwa kuliko zote tangu baba aondoke. Shule ya sekondari iliyo juu ya kilima ilikuwa inamalizia ukumbi wake. Madirisha arobaini na mawili, yote matupu. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu ya wiki iliyofuata, na mvua zilikuwa zimeshaanza bila kumsubiri mtu.

Nikapanda kwenda kupima. Mwalimu mkuu akampa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa rika langu, kazi ya kunishikia ncha ya futi.

Huyo mwalimu wa hesabu alishika ncha ya futi kwa madirisha arobaini na mawili bila kulalamika. Mwanzoni alinirekebisha mara mbili. Mara zote mbili alikuwa sahihi. Tulipofika dirisha la thelathini nilikuwa nimeshaanza kukosea makusudi.

Tulipomaliza akanisindikiza mpaka getini. Akaiangalia pikapu, akainamisha kichwa upande.

"Fundi," akasema, "gari lako linasimama kama limekuja kuomba msamaha."

Akacheka, akaniaga, akarudi darasani. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana iliniingia.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina mke, sina ngazi, na gari langu linaomba msamaha.

*

Kesho yake asubuhi dada alizunguka pikapu mara moja, akagusa tairi moja kwa kiatu.

"Hizi zimekuwa kipara. Huwezi kupandisha vioo vya watu kilimani na hizi. Kanunue nne mpya. Saizi hii hii."

Akaandika saizi kwenye kipande cha kadibodi kwa kalamu yake ya kuwekea alama vioo.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Rudia."

Nikarudia. Dada ananijua. Lakini kujua kwake kote hakukufika dukani, mimi nilifika.

Muuza tairi wa mtaa wetu tunamwita Bwana Inchi, kwa sababu hajui kipimo kingine. Ukimuuliza watoto wake wamekuaje, anakujibu kwa inchi. Duka lake lina tairi zimepangwa nje kama nguzo, na ndani, ukutani, kuna rimu. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya duka lile miaka yote bila kutazama ukutani.

Nilimpa kadibodi. Akaisoma, akanitazama kwa huruma, kama daktari aliyepata majibu.

"Hizi ninazo. Zipo nyuma, kwenye zile za mikokoteni."

"Nipe nne."

"Nitakupa. Gari ni lako?"

"Letu, mimi na dada."

"Anayeendesha?"

"Mimi."

"Basi ni lako." Akaniita kwa kidole. "Njoo uone kitu. Kuona hakuna malipo."

Ukutani zilikuwepo rimu kumi na nne. Za fedha, zilizong'aa mpaka nikajiona sura, na sura haikunifurahisha. Za rangi ya shaba, ambazo hata yeye alikiri ni za watu wa harusi. Zenye matundu madogo madogo kama chujio. Na moja, katikati, nyeusi, mikono sita minene, na ukingo mwembamba mweupe kuizunguka.

Nilimeza mate tu. Bwana Inchi akaniona nikimeza.

"Hiyo," akasema, "ni inchi kumi na sita. Yako ni kumi na nne. Ukiivalisha tairi yake, jumla inafika inchi thelathini kutoka chini mpaka juu. Wewe sasa hivi uko ishirini na sita."

"Inchi nne zaidi."

"Nne, ndugu yangu. Mtu akipewa inchi nne za urefu anakuwa mtu mwingine."

Nikaona hoja yake.

"Tairi unataka za aina gani? Za lami, za matope, au za mchanganyiko?"

"Zinatofautianaje?"

"Za lami ni za lami. Za matope ni za matope. Unapita wapi?"

"Kwenye lami."

"Kilimani kuna matope?"

"Kuna lami mpaka getini. Ndani ya geti ni udongo."

"Udongo ukinyeshewa unakuwa nini?"

Nikachukua za matope. Zilikuwa na meno makubwa, ungeweza kuficha kidole ndani yake. Nimeshapita kwenye matope mara moja maishani, na nilitoka kwa miguu.

Hela ya dada haikutosha, hilo lilijulikana. Bwana Inchi akachukua rimu zetu za zamani, tairi ya akiba na redio yangu, tukapeana mikono. Alipozifunga, zile mpya zilitokeza nje ya madigadi kiasi cha kiganja, kama mtu aliyetanua viwiko mezani.

"Zimetoka nje," nikasema.

"Ndiyo zinavyosimama. Zinashika barabara."

Nikaingia ndani, nikakata usukani mpaka mwisho. Upande wa kushoto kukasikika sauti, mpira ukijisugua mahali. Nikakitoa kichwa dirishani.

"Inasugua."

"Kidogo tu. Tairi changa hizo. Zikizoea mahali pake, zinanyamaza."

Nikakata tena. Ikasugua tena. Nikakata shauri kuwa nitakuwa sikati mpaka mwisho.

*

Sasa naingia kwenye sehemu inayonifanya niandike visa hivi gazetini badala ya kuvisimulia nyumbani.

Dada alikuwa mlangoni pa karakana nilipoingia. Alizitazama tairi. Alizitazama kwa muda ambao ungetosha kukata kioo cha dirisha zima.

"Hiyo ndiyo saizi niliyokuandikia?"

"Zimeisha," nikasema. "Saizi yetu hawaleti tena. Hizi ndizo zimechukua nafasi."

"Na rimu?"

"Zinakuja pamoja."

Akakaa kimya. Dada akikaa kimya nazungumza kupita kiasi. Ni ugonjwa wangu.

"Hata Fundi Kimya ameziangalia," nikaongeza. "Kasema hazina neno."

Fundi Kimya ndiye fundi wetu wa breki. Alikuwa rafiki wa baba. Tangu baba afariki, kila mwezi anakuja bila kuitwa, anaingia chini ya pikapu, anatoka, anafuta mikono, anakubali kikombe cha chai, anaondoka. Kwa mwezi mzima anaweza kutoa maneno sita, na matano yakawa "Habari". Nilimchagua kwa sababu hiyo. Niliona mtu asiyesema hawezi kukanusha.

Uso wa dada ukalegea pale pale.

"Kama Fundi Kimya ameziona, sawa," akasema, akarudi kwenye meza yake ya kukatia.

Ilikuwa rahisi mno. Nilisimama pale uani nikiwa na ushindi, nisijue niuweke wapi.

Siku mbili baadaye nilipanda shuleni kuhakiki kipimo cha dirisha nililokuwa nimelihakiki mara mbili. Nikaegesha mbele ya chumba cha walimu, karibu na geti, nikashuka taratibu. Kushuka sasa kulihitaji kuruka kidogo. Nilikuwa nimefanya mazoezi.

Mwalimu wa hesabu akatoka na daftari kwapani. Akasimama. Nikangoja.

"Umebadilisha tairi," akasema.

"Kidogo."

"Zamani ilikuwa inchi ngapi?"

"Ishirini na sita. Sasa ni thelathini. Gari limepanda inchi nne."

"Mbili."

"Nne."

"Mbili, Fundi. Tairi inazidi pande zote, juu na chini. Ya chini ndiyo inakunyanyua. Ya juu imeenda kujaza nafasi ya juu."

Nikatazama tairi. Nilikuwa nimetoa redio kwa ajili ya inchi mbili.

Yeye alikuwa ameshafungua daftari, anaandika kwa kuegemeza kwenye boneti.

"Na saa yako ya mwendo inadanganya sasa. Haijui kama umebadilisha. Ikikuonyesha themanini, wewe unakwenda tisini na mbili."

"Inanidanganya kwa kupunguza?"

"Kwa kupunguza." Akanitazama. "Na breki je? Gurudumu likiwa kubwa si linakuwa gumu kulisimamisha?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

"Mimi ni wa hesabu. Fundi wako wa breki anasemaje?"

"Nimemuuliza," nikasema. "Kasema hazina neno."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya pili haiumi hata kidogo. Ilitoka kama salamu.

Akafunga daftari. "Basi limependeza," akasema.

Nilishuka kile kilima nikiimba, kwa kuwa redio haikuwepo. Saa ya mwendo ilionyesha hamsini. Sikutaka kujua ukweli.

*

Jumamosi asubuhi tukapakia. Vioo arobaini na viwili, kila kimoja kimekatwa na mkono wa dada, kila kimoja kina namba yake pembeni. Alikuwa amekata siku tano mfululizo. Mimi nikikata kioo, kinavunjika kinapotaka chenyewe. Yeye akivuta mstari na kugonga mara moja kwa kifundo cha kidole, kioo kinatii.

Ilibidi nimwekee kreti la soda ili apande.

"Baba angepandaje hapa?" akauliza, akivuta mlango.

Nikawasha gari.

Tulipanda kilima bila tatizo. Geti la shule lipo juu kabisa, na njia ya kuingilia inakata kona kali kabla ya kuteremka mpaka ukumbini. Na ile pikapu ya zamani, iliyokuwa inaomba msamaha, ingeikata kona ile kwa mkupuo mmoja.

Hii haikuikata. Nikakata usukani mpaka mwisho, tairi ikasugua. Nikarudi nyuma. Nikakata tena, ikasugua kwa sauti ndefu zaidi.

"Nini hicho?" dada akauliza.

"Tairi changa."

Nikarudi nyuma tena. Mara ya nne tukapita. Mlinzi wa geti akatupigia makofi, sijui kwa nini.

Tukaanza kuteremka. Chini, kwenye baraza la ukumbi, wanafunzi na walimu walikuwa wanapanga madawati kwa ajili ya Jumatatu. Mwalimu wa hesabu alikuwa katikati yao, anaelekeza kwa rula ndefu ya ubaoni.

Nikagusa breki kwa upole, kama tunavyofanya tukibeba vioo.

Pedeli ikaenda. Ikaenda mpaka chini, laini, kama kukanyaga mto wa kulalia.

Nikakanyaga tena. Tena. Hakuna.

"Punguza," dada akasema.

"Napunguza."

"Hupunguzi."

"Dada, breki hazipo."

Aligeuka kunitazama, na sikuona hasira. Nilimwona anahesabu madirisha, watoto, na umbali, vyote kwa pamoja. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza honi na kuushikilia hapo hapo.

Nikavuta breki ya mkono. Ikapunguza mwendo, haikusimamisha. Watoto wakainua vichwa. Wengine wakatabasamu, wakidhani tunasherehekea vioo kufika. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeelewa. Nilimwona anawasukuma watoto kwa mikono yote miwili, mmoja mmoja, ndani ya ukumbi.

Kushoto kulikuwa na lundo la mchanga wa wajenzi. Nikakata usukani kulielekea. Usukani ukafika nusu, ukagoma. Tairi ilikuwa imekwama kwenye madigadi.

Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, nikasikia bati likipasuka, na gari likageuka kidogo tu, kiasi cha tairi za kushoto kupanda mchanga na za kulia kubaki njiani. Tukainama. Tukasimama tumeinama, boneti likiwa hatua tatu kutoka barazani.

Kwa pumzi moja kukawa kimya.

Halafu fremu ya mbao ikaachia.

Sitaeleza ile sauti. Aliyewahi kudondosha glasi moja jikoni azidishe mwenyewe. Vilipona vioo vitatu, na kimoja kati ya hivyo nilikuwa nimekipima vibaya.

"Umeumia?" nikamuuliza dada.

"Wale watoto?"

"Wazima. Wote wameingia ndani."

"Basi sijaumia," akasema, kisha akajaribu kuusukuma mlango kwa mikono yote miwili, na wa kulia haukumtii. Alikuwa ameukinga mbele tulipopiga mchanga. Ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono wa mtu haupindi.

Mkono wa kulia. Ule wa kukatia.

*

Mwalimu wa hesabu alimfunga mkono kwa ile rula ya ubaoni na mtandio wake mwenyewe. Akamkalisha kwenye benchi barazani wakati mwalimu mkuu anatafuta dereva wa gari la shule ampeleke hospitali. Mimi nilisimama karibu, nikiwa sina kazi. Nilijaribu kuokota vioo, nikaambiwa niache.

Dada hakulia. Alikuwa amepauka midomo, anazungumza pole pole.

"Kosa ni langu," akamwambia mwalimu mkuu. "Nilimwamini mtu. Fundi wetu wa breki alizikagua mwezi huu huu. Hata hizi tairi mpya alizipitisha yeye. Ningekagua mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Nawaapia niliufungua.

"Ni kweli, Fundi?" mwalimu mkuu akaniuliza.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amepiga magoti anakaza fundo la mtandio. Aliinua macho kunitazama. Aliwahi kunisikia nikisema maneno hayo hayo, tena kwa uso mkavu.

"Ndiyo," nikasema.

Mara ya tatu iliuma. Niliwaambia ya pili haiumi. Ya tatu inakusanya na deni la zile mbili.

Mwalimu mkuu akataka mtu huyo aitwe hapo hapo. Alisema watoto mia mbili wangekuwa barazani ingekuwa siku ya kazi, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kugusa gari la mtu tena, na yeye binafsi atahakikisha mji mzima unajua. Dada akapiga simu kwa mkono wa kushoto. Hakusalimia.

"Fundi, njoo uone ulichotufanyia."

Karakana yake haiko mbali. Alifika kwa pikipiki kabla dereva wa shule hajapatikana, ovaroli lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Aliuona mkono wa dada kwanza. Akavua kofia.

"Miaka ishirini," dada akamwambia, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Miaka ishirini ulikula na baba yangu. Mdogo wangu amekuletea tairi uziangalie, ukasema hazina neno. Ungesema tu kuwa umechoka na kazi, Fundi. Ungesema."

Fundi Kimya akanigeukia.

"Mimi?" akauliza.

Nilikuwa naangalia vifungo vya ovaroli lake. Vilikuwa saba.

Akatembea mpaka kwenye pikapu, akaizunguka, akapitisha kiganja kwenye ule ukingo mweupe wa rimu. Akatoa turubai dogo kwenye pikipiki, akalitandika juu ya vipande vya vioo, akalala chali na kuingia chini, upande wa mbele kushoto.

Tuliona viatu vyake tu. Mwalimu mkuu alikunja mikono. Mwalimu wa hesabu alisimama, akajipangusa magoti, akaja kusimama karibu yangu. Hakunitazama.

"Ulimpelekea kweli?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ngoja nikueleze."

"Nimekuuliza swali lenye majibu mawili."

Kisu kikasikika kikikata kitu kule chini. Fundi Kimya akatoka, akasimama, akafuta mikono kwa zamu, mkono mmoja kisha mwingine, kama afanyavyo kila mwezi. Alikuwa ameshika kipande cha mpira mweusi, urefu wa kidole, ule mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Upande mmoja ulikuwa mzima, mpya kabisa, aliufunga yeye mwenyewe mwezi huo huo. Upande wa pili ulikuwa umelambwa na tairi mpaka ukawa karatasi, na katikati ya karatasi kulikuwa na tundu.

Nilitegemea ampe mwalimu mkuu. Nilitegemea ampe dada.

Alikuja mpaka nilipo, akanishika mkono, akakiweka kile kipande kiganjani mwangu na kunikunja vidole juu yake, taratibu, kimoja kimoja.

"Mpe dada yako," akasema. "Mwenyewe."

Akavaa kofia yake, akaenda kukaa juu ya pikipiki, wala hakuiwasha.

Gari la shule lilikuwa limefika nyuma yetu, mlango wazi, injini inaunguruma. Dada hakuinuka. Alikuwa ameushikilia ule mkono wake uliofungwa rula, na macho yake yalikuwa kwenye ngumi yangu.

"Amekupa nini hicho?" akauliza.